Sababu za Kumkataa Mbuzi Anayecheka

Picha ya mbuzi anayecheka niliikataa mara kumi na tisa ndani ya siku tatu, na mpaka leo sioni kosa langu liko wapi. Mbuzi huyo alikuwa na meno ya binadamu. Mtu anapomlipa binti yangu ili mbuzi mwenye meno ya binadamu atokee kwenye skrini, wakati yeye binti anang'oa springi za sofa la watu, mimi nina haki ya kuuliza ni kwa nini na kwa faida ya nani.

Ila naona nimeanzia katikati, jambo ambalo nimewakanya makarani wengi wasilifanye.

Nilikuwa karani wa masijala kwa miaka thelathini na moja. Kwa wasiowahi kuingia humo, masijala ni chumba ambacho kila barua ya ofisi hupita, hupewa namba, hulazwa kwenye jalada lake na haitoki bila jibu. Niliheshimika. Walikuwapo wakurugenzi waliobisha hodi mlangoni kwangu na kusubiri niwaitikie. Nilipostaafu, nyumba ya kazi ilirudi kwa wenyewe, na kwa kuwa mama wa watoto wangu alishatutangulia zamani, nilichukua mabegi mawili nikahamia kwa binti yangu. Yeye ni fundi sofa, na anaishi vyumba viwili nyuma ya karakana yake.

Miezi saba ya kwanza nilimsaidia, na msaada wangu nusura umtoe roho. Mikasi yake niliibandika namba. Sponji zake nilizipanga stoo kwa unene, nyembamba chini, nene juu, hata alipotaka iliyo chini akalazimika kubomoa ukuta mzima. Siku moja alikuja mama mmoja na viti sita, amevipakia kwenye mkokoteni, jasho linamtiririka. Nilimwambia siku ya kupokea viti ni Jumanne. Ilikuwa Alhamisi. Aligeuza mkokoteni na hatukumwona tena. Binti yangu hakunigombeza. Alikaa juu ya robota la kitambaa akautazama ukuta kwa muda mrefu, na mimi nikajifanya natafuta miwani.

Kwa hiyo siwezi kusema nilionewa Jumatatu ile nilipomsikia akizungumza na kaka yake kwenye simu. Nilikuwa kwenye korido na kikombe cha chai. Sikuwa najificha, nilikuwa napita, ila miguu ilisimama yenyewe.

"Nimechoka, kaka," alikuwa akisema. "Nampenda, lakini nimechoka. Kuna kazi moja nataka nimpe wiki hii. Akishindwa na hiyo, Jumamosi uje umchukue."

Mwanangu wa kwanza ana nyumba nzuri katika mji mwingine, ghorofa ya kumi na moja. Yeye na mkewe hutoka asubuhi na mapema na kurudi jua likiwa limeshazama. Niliwahi kukaa huko wiki mbili. Kuna televisheni kubwa kama mlango, na lifti inayokutajia namba ya ghorofa, na kwa siku nzima hiyo lifti ndiyo pekee iliyonisemesha. Wananipenda, sina kinyongo nao. Lakini karakana ya binti yangu ina vumbi, ina kelele, ina watu wanaoingia na kutoka, na mimi sikutaka kuondoka pale. Nilirudi chumbani, chai ikapoa mkononi, nikajiambia kwamba kazi yoyote nitakayopewa nitaifanya bila doa.

Jumanne asubuhi akaniita stoo. Alikuwa ameweka kompyuta juu ya meza ndogo katikati ya marobota ya vitambaa, na kiti, na hata kimto cha mgongoni.

"Baba, unazijua meme?"

"Zile picha anazonitumia kaka yako badala ya salamu."

"Hizohizo. Sasa nisikilize taratibu, usikasirike mapema."

Lazima nieleze kwamba binti yangu kila siku saa nane mchana huenda laivu. Anasimamisha simu kwenye miguu mitatu ya chuma, anaielekeza mikononi mwake, kisha anafungua sofa kuukuu huku watu mia nne au mia tano, wenye akili zao timamu na kazi zao, wakimtazama. Ukiniuliza wanachotazama nitakwambia ni mikono. Mikono yake inajua kazi. Halafu kuna vinavyotoka ndani ya sofa. Hutoka kalamu, vitana, funguo za milango isiyokuwapo tena, na watazamaji hubishana wenyewe kwa wenyewe kwamba safari hii kitatoka nini.

Alichotaka kuongeza ni hizo meme. Mtazamaji anachagua picha moja kati ya arobaini ambazo binti yangu ameziweka tayari, anaandika maneno machache chini yake kama anapenda, analipa kidogo, na picha inatokea kwenye skrini ya kila mtu kwa sekunde tano pamoja na sauti yake. Kuku mwenye miwani huwika. Mtoto hulia. Mbuzi hucheka, na nadhani nimeshasema ninavyomwona mbuzi.

"Picha siziogopi, nimezichagua mwenyewe," alisema. "Naogopa maneno yao. Mwezi uliopita nilijaribu, mtu akaandika kitu chini ya kuku ambacho siwezi kukitamka mbele yako. Nahitaji mtu akae hapa, kila ombi likija alisome, aliruhusu au alikatae. Akikataa, pesa inamrudia mwenyewe. Mimi nikiwa kazini siwezi kutazama."

Mwili ulinisisimka. Kuruhusu na kukataa. Ningeweza kuifanya kazi hiyo nikiwa na homa.

Tulizipanga pamoja asubuhi nzima, na nakiri ilikuwa asubuhi tamu kuliko zote tangu nihamie pale. Picha ya kwanza tuliyoijaribu ilijaa skrini yote, mikono yake isionekane hata kidole.

"Hapana," nilisema. "Wamekuja kuona mikono yako. Wanyama wakae pembeni."

Alinitazama. "Hapo umesema kweli, Baba."

Basi tukaisogeza pembe ya juu kulia, nikaipima kwa rula mpaka ikawa sawa na boksi la kiberiti. Sauti tuliiweka iende kwa watazamaji tu, isisikike karakanani, maana mtu aliyeshika stepla ya upepo hapaswi kushtuliwa. Mimi kule stoo nikaifunga kabisa kwenye kompyuta yangu, kwani kuku yule alikuwa ananipasua kichwa. Mwisho akawasha kitu kingine, akabonyeza hapa na pale na kusema ni sauti ya mashine ya kuwasomea watazamaji majina ya waliolipa na kuwashukuru. Nikaitikia kwa kichwa. Picha zote arobaini nikaziandika kwenye daftari, M/01 hadi M/40. Mbuzi alikuwa M/07.

Jumatano saa nane tukaanza. Lilikuwa sofa la watu watatu la ofisi ya wanasheria, mahameli ya kijani iliyopauka, limezama katikati. Mimi stoo, yeye karakanani, mlango ukiwa wazi kidogo ili nimwone bega. Baada ya dakika nne ombi la kwanza likaingia, kutoka kwa mtu aliyejiita Kiatu Kimoja. Alitaka M/07.

Nililisoma mara mbili. Chini ya mbuzi hakuandika neno lolote. Nikachungulia mlangoni, nikaona binti yangu amepiga magoti anang'oa misumari yenye kutu mmoja mmoja. Hapakuwa na la kuchekesha. Nikabonyeza Kataa, na hapo nikaona kisanduku kimeandikwa Sababu, na pembeni kwa herufi ndogo, si lazima kujaza. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kuona kisanduku ambacho si lazima kujaza. Nikajaza.

"Ombi lako la picha M/07 limepokelewa. Limekataliwa kwa kuwa hakuna jambo la kuchekesha linaloendelea kwa sasa. Fundi anang'oa misumari. Asante kwa ushirikiano wako. Karani."

Nikaona nimefanya vizuri. Mtu akinyimwa kitu walau ajue kwa nini, huo ndio ustaarabu. Wengi waliopita mbele ya dirisha langu hawakupata walichotaka, lakini hakuna aliyeondoka bila sababu.

Maombi yakaanza kumiminika. Sitaki kuonekana kuwa nilikuwa na roho mbaya, nilikuwa na hofu. Kila picha iliyokuja niliiwazia ikileta balaa, binti yangu akiaibika mbele ya watu mia tano, na Jumamosi mimi nikipandishwa gari. Nikiruhusu kitu kibaya, nimekwisha. Nikikataa, hakuna kinachoharibika. Kwa hesabu hiyo niliona kukataa ndiko salama.

Mtu mmoja aliandika "twende kazi" chini ya paka aliyelala. Nikamjibu kwamba picha na maelezo yake havilingani, arekebishe na kuomba upya. Mtoto anayelia aliombwa mara tatu ndani ya dakika kumi, nikaandika: "Mtoto huyu ametumika kupita kiasi. Apewe muda wa kupumzika." Mwingine, anayejiita Sina Bando, aliomba kuku mwenye miwani, nikamuuliza iwapo ana uhakika kwamba kuku huyo ana ujuzi wowote wa sofa.

Jioni binti yangu aliingia stoo akijifuta vumbi usoni, amechangamka.

"Nimechungulia maoni yao mara mbili, Baba. Wamevunjika mbavu. Hawajawahi kucheka hivi. Meme zinafanya kazi."

Nilishangaa kidogo, maana siku hiyo sikuwa nimeruhusu hata moja. Lakini watu huwa wana mambo yao ya kuwachekesha. "Tunajitahidi," nikasema.

Alhamisi ikawa na jambo lililonigusa moyo. Waombaji walikuwa wamebadilika. Kiatu Kimoja alirudi, lakini safari hii chini ya mbuzi aliandika: "Ndugu Karani, natumaini u mzima. Rejea ombi langu la jana. Naomba ulifikirie upya." Nilivua miwani nikaifuta. Siku moja tu ya majibu ya kistaarabu, na vijana wa watu wameshaanza kuandika barua kama watu. Nikamjibu: "Mimi mzima, nashukuru. Ombi limefikiriwa upya na kukataliwa upya." Akaja mwingine na kichwa cha habari kabisa, YAH: KUOMBA KIBALI CHA MBUZI. Nilijisikia nimerudi ofisini. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha kiasi kile, na pembeni ya furaha hiyo ile hofu ya Jumamosi ilikuwa imekaa kimya inanisubiri.

Siku hiyo niliruhusu moja. Binti yangu alikuwa anahangaika na kona ya mkono wa sofa, mahali ambapo kitambaa lazima kikunjwe mara tatu bila kufanya mwinuko. Alikitandua, akakirudisha, akakitandua tena. Mara ya nne kikakaa, na kona ikalala sawasawa. Dakika hiyohiyo mtu akaomba M/31, mikono miwili inayopiga makofi. Sikuandika chochote. Nilibonyeza Ruhusu, kisha nikapiga makofi na mimi kimyakimya kule stoo.

Ijumaa, laivu ilipokwisha, alikuja na kusimama nyuma ya kiti changu.

"Sogea kidogo, nione ukurasa wa meme. Siku tatu hizi nataka nijue ipi imependwa zaidi, niongeze za aina hiyo."

Akafungua. Nilikuwa sijawahi kuuona ukurasa huo. Juu kabisa paliandikwa maombi yaliyopokelewa, mia mbili na tatu. Chini yake, yaliyoruhusiwa, moja. Mahali pa mapato palikuwa na kiasi ambacho kisingenunua hata kikombe cha misumari.

Alisogeza uso karibu na skrini. Kompresa ya stepla huko karakanani ilipumua, ikanyamaza.

"Baba. Moja?"

"Yale makofi," nilisema. "Ulikuwa umemaliza kona."

"Na hawa mia mbili na wawili wengine?"

"Hawakukidhi vigezo."

"Vigezo gani?"

 Vigezo nilikuwa navyo, ila kwa mara ya kwanza nilivisikia jinsi vitakavyosikika kwa mtu mwenye sofa la kumalizia na kodi ya karakana ya kulipa.  Siku tatu nilikuwa nimekaa kwenye kimto alichonitafutia, nikimfungia riziki yake kwa ufunguo, na kila jibu nimelipiga chapa kwa herufi safi.

"Sasa walikuwa wanacheka nini?" alisema, ila hakuniuliza mimi. Akatafuta kipande cha laivu ya Jumatano na kufungua sauti.

Tukaona mikono yake, misumari yenye kutu, sofa la kijani. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke wa mashine, yule anayesoma kila kitu bila haraka wala aibu: "Ombi lako la picha M/07 limepokelewa. Limekataliwa kwa kuwa hakuna jambo la kuchekesha linaloendelea kwa sasa. Fundi anang'oa misumari."

 Nilidhani majibu yangu yanamwendea mwombaji peke yake, kama barua ndani ya bahasha. Kumbe kile kitu alichokiwasha Jumanne kiwashukuru waliolipa kilikuwa kinasoma kila kilichoandikwa, mbele ya hadhara. Mimi nilikuwa nimefunga sauti stoo. Yeye karakanani haikumfikia, kwa sababu tuliipanga hivyo wenyewe, kwa rula na kwa makini. Watu mia tano walikuwa wamenisikia, isipokuwa sisi wawili.

Aliacha iendelee. Ikasoma ya paka, ikasoma ya kuku. Uso wake haukunipa habari yoyote, na mimi nilikuwa natazama sakafu nikihesabu siku zilizobaki, hesabu iliyoishia kwenye kesho.

"Hii ya mtoto apewe muda wa kupumzika," alisema polepole, "uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

Hapo akashindwa. Alianza kucheka bila sauti, akashika meza, akajaribu kuniambia kitu na kushindwa, akaketi chini kabisa kati ya marobota. Kila alipojikaza, yule mwanamke wa mashine akasoma nyingine, na yeye akaanza upya. Sijamwona akicheka vile tangu akiwa na mapengo. Mimi nilisimama na mikono nyuma kama mtu anayesubiri hukumu, na bado sikuelewa kama hicho kicheko kinanitetea au kinanihukumu.

Alipopata pumzi akasoma maoni ya watazamaji. Walikuwa hawamwulizi tena kitatoka nini kwenye sofa. Walikuwa wanauliza Karani ataingia saa ngapi. Walikuwa wanaomba mbuzi wakijua watanyimwa, ili tu wasomewe sababu.

"Wanataka barua, Baba. Tuwauzie barua. Mtu alipe, apewe picha, au alipe, akataliwe rasmi."

"Barua haiuzwi."

"Baba."

"Miaka thelathini na moja sijapokea hata soda kwa ajili ya barua. Niliwahi kuletewa asante ya mfuko wa vitunguu, nikaurudisha. Unataka nianze kula rushwa uzeeni?"

"Si rushwa. Ni ada."

"Ada ina risiti."

"Nitawapa risiti. Itakuwa na namba."

Nilifikiri. Kitu chenye namba ni kitu kingine. Nikamwambia basi, ila kwa masharti, kwamba risiti zifuatane bila kuruka, na kwamba nitaruhusu picha pale inapostahili, nisije nikageuka kichekesho cha kukataa tu. Na mbuzi abaki kwenye uchunguzi. Akakubali yote. Jioni ile alibadilisha mipango mwenyewe, akirukaruka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kucheka peke yake.

Lakini kuhusu Jumamosi hakusema neno, na mimi sikuuliza. Hapo ndipo penye ugonjwa wangu. Mtu aliyezoea kukaa upande wa ndani wa dirisha hajui namna ya kusimama upande wa nje. Usiku nilikunja mashati yangu, nikayarudisha kabatini, nikayakunja tena.

Jumamosi asubuhi alikuwa anamalizia sofa la wanasheria, anapigilia ile misumari ya urembo yenye vichwa vya dhahabu, inayopangwa mstari mmoja kwenye ukingo wa mbele. Hiyo haipigwi kwa stepla. Fundi huijaza mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuigonga kwa nyundo ndogo. Mtu mwenye misumari ishirini mdomoni haongei. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nimeshika boksi, nikasikia gari linasimama nje na mlango wake ukifungwa.

Mwanangu akaingia, mrefu, amevaa viatu vya Jumamosi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Uko tayari? Nina haraka kidogo, nimeazima gari."

Nilimtazama dada yake. Aliinua nyundo na kutikisa kichwa, macho yamemtoka, akinung'unika kitu ndani ya misumari. Sikuelewa anakataa nini.  Nikajua kwamba nikinyamaza sasa nitafuata mabegi yangu kwa heshima zote, nitapanda gari, nitafika ghorofa ya kumi na moja, na hakuna atakayejua kwamba sikutaka, kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu.

"Nina ombi," nilisema.

Sauti ilitoka nyembamba. Nikakohoa, nikaanza tena.

"Nilisikia Jumatatu. Mlikuwa na haki, nimekuwa mzigo. Mikasi nimeshaitoa namba. Wateja nitawapokea siku yoyote watakayokuja, hata kama wamekuja na mkokoteni. Lakini naomba kubaki hapa. Sina sababu ya maana ya kuandika. Napenda kukaa hapa tu."

Binti yangu aliweka nyundo chini. Akakinga kiganja na kuanza kuitema misumari, mmoja, mwingine, mwingine, na mimi nikasubiri wote ishirini watoke. Sijawahi kusubiri jibu kwa muda mrefu namna hiyo, na nikawakumbuka wote niliowasubirisha.

"Nilisema," akaniambia alipomaliza. "Nilikuwa nimechoka na nilimaanisha. Sitakudanganya."

"Najua."

"Jana nilimpigia nikamwambia asije kukuchukua. Unakaa hapa."

"Sasa amefuata nini?"

"Nimeleta viti," alisema mwanangu. Alikuwa amesimama na funguo mkononi kama mtu aliyeingia nyumba si yake. "Vyangu vya sebuleni. Nilikuwa nauliza kama uko tayari kunisaidia kushusha."

 Nilikaa palepale kwenye sofa la wanasheria, lililotakiwa lisikaliwe mpaka limefika kwa wenyewe, na nikalia. Sikulia kwa uchungu. Nilikuwa kama mkanda wa sofa uliovutwa wiki nzima, kisha mtu akaukata. Mwanangu alikuja akaninong'onezea kwamba hakuwahi kujua kuwa kwake nilikuwa mpweke, na mimi nikamwambia hakuwahi kujua kwa kuwa sikumwambia, na kwamba lifti yake ina adabu sana. Akacheka, akafuta macho na yeye.

Binti yangu alichuchumaa mbele yangu, misumari bado imo kiganjani mwake.

"Maisha yangu yote sijakusikia ukiomba kitu," alisema. "Hata chumvi mezani ulikuwa unanyoosha mkono mwenyewe."

"Sikujua kama ni rahisi hivi."

"Si rahisi. Umetoka jasho."

Kweli nilikuwa nimelowa hadi kola. Alinivuta mkono, nikasimama, akapangusa mahali nilipokuwa nimekaa ili mahameli isibaki na alama. Kisha tukatoka wote watatu, kaka mtu akapanda nyuma ya gari kusukuma, sisi wawili tukabaki chini kupokea kiti cha kwanza.

"Shika upande huo, Baba," binti yangu aliniambia. "Ule mwepesi."

Nikashika, tukaingia nacho ndani.